Karamu ya Gredi ya Nne

Ulimi wa Mwalimu Tabby ulikuwa na ugomvi wa zamani na herufi L. Akiwa ametulia, akisoma kitabu polepole, L ilikuja vizuri tu. Lakini akifurahi, akiharakisha au akikasirika, L ilitoka mbio na R ikakaa mahali pake. Hapo "lala" ikawa "rara", "halafu" ikawa "harafu", na Gredi ya Nne yote ikainamisha vichwa kwenye madawati, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Tusimwonee bure. Alizaliwa kijijini Theta, kwa watu waliochuma kahawa katika mashamba ya wengine, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuitamka L bila kuijeruhi. Kikuyu hakina sauti hiyo na hakijawahi kuililia. Mama yake alipomwambia "nipe karamu", alitaka kalamu, akapewa kalamu, na maisha yakaendelea. Shida ilianza Tabitha Warigia alipoamua kuwa mwalimu, tena mwalimu wa darasa zima, Kiswahili kikiwemo.

Ualimu wenyewe aliuanza kabla hajamaliza shule. Likizoni, daftari zikiwa zimeisha, alikuwa akimkalisha mdogo wake kando ya shamba, anakata jani la mkonge, anang'oa mwiba wake na kumwandikia hesabu kwenye jani. Mchoro wa mwiba hauonekani mara moja. Unangoja kidogo, halafu unajitokeza rangi ya kahawia, na mdogo wake alikuwa akishangaa kila mara kana kwamba hajawahi kuuona. Ule mshangao ndio uliomfanya Tabby aende chuo cha ualimu Thika, na tangu hapo aliamini jambo moja ambalo hakuna mkufunzi aliyeweza kumwondolea: mtoto hajui kitu mpaka mikono yake ichafuke nacho.

Kwa hiyo darasa lake pale Mwihoko, katika shule ndogo iliyobanwa katikati ya maghorofa ya kupangisha, lilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Kulikuwa na duka la pakiti tupu ambapo watoto walijifunzia kujumlisha, saa za maboksi, ngoma za mikebe ya rangi, na ramani ya Kenya ya maharagwe ambayo panya walikuwa wamekula sehemu kubwa ya kaskazini. Jioni, majirani wa ploti aliyopanga chumba walimwona akirudi na vizibo vya soda alivyookota njiani. Walimpa jina la Mama Taka, na yeye aliitika.

Mambo yaliharibika kwenye mkutano wa wazazi. Aliyesimama alikuwa Wilkister, mama yake Lenny, fundi wa nguo mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, mtu wa Malava kule Kakamega.

"Mimi sina ubaya na mwalimu," akasema. "Lakini juzi Lenny ameniambia anaenda kurara. Nikamuuliza, kurara ndio nini? Akaniambia, si ndio vile teacher husema. Sasa nauliza tu. Mimi nalipa fees mtoto ajifunze kurara?"

Wazazi walicheka mpaka viti vikalia. Tabby naye alicheka, kwa sababu mtu atafanya nini mbele ya watu. Alipofika kwake alifunga mlango, akakaa kitandani na viatu vyake, akalia.

Siku chache baadaye, Madam Dorine, mwalimu mkuu, alimwita ofisini. Madam Dorine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyechoka kupigiwa simu na wazazi.

"Tabby, nitakuambia wazi. Alhamisi ya wiki ijayo afisa wa elimu anakuja kuangalia somo moja, na nimemwambia aingie kwako. Akisema darasa liko sawa, unabaki na watoto wako. Akisema haliko sawa, muhula ujao nawapatia mtu mwingine, wewe unakuja hapa ofisini unisaidie na mambo ya karo."

"Na hao watoto?"

"Watazoea."

Neno hilo lilimuuma Tabby kuliko lile la kurara. Watoto wale alikuwa nao tangu wakiandika majina yao kinyume. Alijua nani hali asubuhi, nani anaogopa ubao, nani anajua kuchora lakini anaficha. Kukaa ofisini akiwasikia wakisomeshwa na mtu mwingine ng'ambo ya ukuta, hilo aliona hataliweza.

Akaanza kuufunza ulimi wake adabu. Jioni alijifungia na kusema "lala, lima, lea, lipa" mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama ni mzima. Darasani alizungumza polepole, kila L akiipa heshima yake. Wiki ikaisha bila kosa hata moja, na hapo ndipo penye kichekesho: watoto wakaanza kumwamini. Akisema R, wakajua ni R.

Jumatano mchana alikuwa amepata wazo lake, na lilimfurahisha sana. Watoto wangetengeneza kalamu. Wangefikiria wenyewe watu waliandika na nini kabla ya biro kuja, watafute vitu nyumbani, wajaribu, washindwe, wajaribu tena mbele ya mgeni. Ujumbe kwenye grupu ya wazazi hangeweza kutuma, maana Madam Dorine alikuwa amepiga marufuku, wazazi wamechoka kutumwa vitu jioni. Akawaambia watoto kwa mdomo kengele ikikaribia kulia, na furaha ikiwa imemjaa mpaka kooni.

"Kesho mgeni anakuja. Na kesho tutatengeneza karamu, sisi wenyewe. Kila mtu alete kitu kimoja kutoka nyumbani cha kutengenezea karamu. Kisiwe cha kununua. Sitawaambia ni nini, fikirieni."

Kengele ikalia. Watoto ambao nyanya zao wako Murang'a na Gatundu walisikia kalamu, kwa sababu kwao kalamu ndiyo inaitwa hivyo. Wale wa Kakamega, Siaya na Busia walisikia alichosema hasa, na juzi tu walikuwa wamesoma kwenye kitabu kwamba karamu ni sherehe ya kula na kunywa. Mgeni anakuja, kuna karamu. Hapo kuna la kuuliza?

Alhamisi asubuhi Tabby aliingia darasani akiwa amevaa sketi yake ya kanisani. Upande wa dirishani Ciku na wenzake walikuwa wamepanga vijiti, mabua ya mahindi, makaa yaliyofungwa kwenye gazeti, na mifupa ya biro zilizokufa. Upande wa pili kulikuwa na viazi. Kulikuwa na sukuma wiki, bitiruti mbili, mayai, manjano ndani ya kikopo, majani ya chai, omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wameshajitambulisha kwa harufu, na rundo la chapati zilizofunikwa kitambaa.

"Hii yote ni ya nini?" akauliza.

"Ya karamu, teacher," akasema Lenny. "Yangu mum anakuja nayo. Bado inaiva."

Tabby alielewa mara moja. Alitaka kuwaambia waweke vyote chini ya madawati, lakini mlango ulifunguliwa, Madam Dorine akaingia, na nyuma yake bwana mmoja mfupi wa kofia, Bwana Muriithi, mtu wa Kirinyaga, afisa wa elimu. Alisalimia kwa adabu, akaketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani. Akaangalia viazi. Akaangalia vijiti.

Angeweza kudanganya. Angesema leo ni somo la lishe bora, aongee kuhusu vitamini, na labda ingepita. Lakini watoto thelathini na kitu walikuwa wakimtazama, nusu yao wakijua wamekosea na hawajui wamekosea wapi. Akachukua chaki, akaandika maneno mawili makubwa ubaoni: KALAMU. KARAMU.

"Jana nilitaka kusema hili la kwanza," akasema polepole, akiligusa kwa kidole. "Ulimi wangu ukasema hili la pili. Aliyeleta kijiti hajakosea. Aliyeleta kiazi hajakosea. Mimi ndiye nilikosea, na sasa mtanisaidia."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Madam Dorine akafumba macho. Tabby aliona masikio yake yakipata moto, lakini ajabu ni kwamba alihisi mwepesi, kana kwamba ametua gunia la makaa alilolibeba wiki nzima.

"Kalamu bila wino inaandika?" akauliza.

"Hapana."

"Basi wenye karamu watatupatia wino."

Hapo mikono ikaanza kuchafuka. Bitiruti zilipondwa kwa jiwe ndani ya sufuria ya jikoni mpaka zikatoa wekundu wa kutisha. Sukuma wiki ilitwangwa, ikakamuliwa kwenye kitambaa, ikatoa kijani. Manjano yalikorogwa na maji kidogo. Majani ya chai yalichemshwa mpaka maji yakawa meusi ya kahawia. Makaa ya Ciku yalisagwa unga, na msichana mmoja aliyeleta mayai akaambiwa apasue moja amwage ute ndani, ili weusi ushike kwenye karatasi usije ukafutika. Alisitasita.

"Teacher, ni ya kupika."

"Litapikwa wino," Tabby akamjibu, na msichana akalipasua.

Wino ulipatikana, tena wa rangi tano. Kilichokataa ni kalamu. Vijiti vilikunywa wino wote na kutoa tone moja tu kubwa, kisha vikanyamaza. Mabua yalilegea. Mifupa ya biro ilimwaga kila kitu kwa mpigo. Mtoto mmoja alikuwa amechomoa manyoya kwenye mto, lakini yalikuwa laini mno, yakajikunja pale pale yalipolowa. Karatasi zote zilijaa mabaka. Watoto wakaanza kuchoka, na mtoto akichoka huanza kumpaka mwenzake. Ukutani ikatokea alama ya kiganja chekundu. Bwana Muriithi alitazama saa yake, na Tabby alimwona akiitazama. Kila alichojaribu kilishindwa, na akaanza kuwaza meza ile ya ofisini, na jinsi atakavyowaambia watoto.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Ilipita dirishani, ikanyamazisha darasa lote, na nyuma yake akaja Wilkister mwenyewe, amevaa kitenge chake kizuri, sufuria imefungwa kwa leso na kubebwa kwa mikono miwili.

"Hodi hapa. Nimechelewa?" Akasimama mlangoni. Aliona mikono myekundu, meza zenye weusi, chapati zilizosukumwa kando. "Na karamu iko wapi?"

Lenny ndiye aliyeinuka, sauti ikiwa ndogo.

"Mum, ilikuwa kalamu. Ya kuandika."

Wilkister alimtazama mwanawe, akautazama ubao. Alikuwa amechinja kuku. Si kuku wa kununua, ni jogoo mkubwa aliyeletwa na dada yake kutoka Malava, aliyekuwa akiamsha ploti nzima kila alfajiri. Lenny alikuwa amemwambia mgeni anakuja shuleni na kuna karamu, na kwao mgeni hapewi mboga kuku akiwapo nyumbani.

Tabby aliona maneno yakija. Aliyaona kabisa yakipanda kwenye uso wa yule mama, maneno ya mkutano ule, na safari hii mbele ya afisa. Na bado, katikati ya hofu hiyo, macho yake yalikuwa kwenye sufuria, na akili yake ikaenda mahali pengine kabisa.

"Mama Lenny," akasema. "Manyoya yake yako wapi?"

"Ya nani?"

"Ya huyu jogoo."

"Manyoya?" Wilkister akamshangaa. "Si nimetupa. Nimeyapatia yule mtu wa mkokoteni wa taka sasa hivi, hapo kwa gate."

Bwana Muriithi alikuwa hajawahi kuona mwalimu akiondoka darasani mbio katikati ya somo, tena na sketi ya kanisani. Tabby alivuka uwanja, akapita mlinzi, akaukuta mkokoteni umeshaanza kushuka barabara. Mwenye mkokoteni alimwambia kwamba katika kazi yake watu humkimbiza ili kutupa, hajawahi kukimbizwa na mtu wa kuchukua. Wakapekua pamoja. Gunia dogo lilikuwa juu, bado limefungwa.

Alirudi akihema, unyoya mmoja umenaswa kwenye nywele. Ndani ya gunia, katikati ya manyoya madogo, kulikuwa na yale ya mabawa na mkia, marefu, magumu, meusi yenye kung'aa kijani. Akayaosha. Wembe akaushika mwenyewe. Akakata ncha kwa mshazari, akaipasua katikati kidogo tu, akampa Lenny, kwa sababu jogoo alikuwa wao.

Lenny alichovya kwenye bitiruti. Akaandika L. Mstari ulitoka mwembamba, safi, haukukatika. Akaandika jina lote, kisha akaangalia unyoya, kisha karatasi, na mdomo wake ukabaki wazi. Tabby aliujua mshangao ule. Aliuacha kando ya shamba, kwenye jani la mkonge, miaka mingi iliyopita, na huu hapa umerudi.

Kila mtoto akataka wake. Wembe haukupumzika. Baada ya muda darasa likaingia kimya kile ambacho mwalimu hawezi kukiamrisha, ndimi nje, vichwa karibu na karatasi, ncha za manyoya zikikwaruza. Ciku alikuwa akichora jogoo kwa unyoya wa jogoo. Wilkister, ambaye hakuna aliyemkaribisha kukaa, alikuwa ameketi. Lenny alimpelekea karatasi yenye herufi za kijani za sukuma wiki: *Mum asante kwa kuku.* Aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya nguo yake, upande wa moyo.

Bwana Muriithi naye aliinuka na kuomba unyoya. Akaandika mstari mmoja kwa weusi wa makaa, akaupuliza ukauke.

"Hii karamu inaandika vizuri sana," akasema.

Watoto wakatazamana.

"Gani, sir?" akauliza Ciku. "Ya kuandika ama ya kula?"

Afisa akasimama pale, akagundua alichokisema. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kiti kidogo. "Ya kuandika," akasema. "Hiyo ingine bado sijaonja."

Tabby alihisi kitu kikifunguka kifuani. Mtu wa ofisi, mtu wa kofia, na ulimi wake ni ule ule. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono na kujipaka manjano usoni, na hakujali.

Nje, kwenye veranda, Madam Dorine alizungumza na afisa kwa dakika chache, kisha akamwita Tabby.

"Amesema darasa liko sawa. Amesema hata angependa walimu wengine waje kuona." Akakohoa. "Kwa hivyo utabaki nao. Mpaka wamalize Gredi ya Sita, kama Mungu anapenda. Lakini ule mkono mwekundu kwa ukuta, utaupaka rangi wewe."

"Nitaupaka, Madam."

Alipoachwa peke yake, Tabby aliegemea ukuta, akateremka mpaka akakaa sakafuni. Kupitia mlango aliwasikia watoto wake wakigombania unyoya wa mwisho, na hakuna muziki ambao angeutaka zaidi ya huo. Ni wangu, akawaza. Bado ni wangu.

Viazi vilikuwa vimechemshwa jikoni, madawati yameunganishwa, chapati zimekatwa vipande ili zienee. Wilkister alifungua sufuria yake na kuanza kugawa, na hapo kila mtoto wa magharibi alinyamaza akatazama mwiko. Walijua kinachotafutwa mle ndani. Kwao firigisi haipewi mtu yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni mkubwa ni ya mgeni, na mama aliyeipika haionji. Bwana Muriithi, bila kujua lolote, alikuwa amenyoosha sahani.

Wilkister alimwekea paja. Akaiinua firigisi, akampita afisa, akampita Madam Dorine, akaiweka kwenye sahani ya Mwalimu Tabby.

"Hii kwetu ni ya mwenye nyumba," akasema, na mara hii hakupaza sauti. "Na hapa nyumba ni yako, nimeona. Kula, mwalimu."

Tabby aliitazama sahani. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka juu, na ulimi wake ukafanya kama kawaida yake.

"Ninakura," akasema.

Darasa zima lilisikia. Hakuna aliyemsahihisha, hata Lenny.